Bwana Kaniki na Bwana Bafta

Likoni, mwezi 12 Mlisho (Shaaban), 1364 Hijria

Kwa ndugu yangu wa tumbo moja na ziwa moja, Boga bin Mwinyihaji, uliyeko huko mashamba ya mkonge ya Tanga. Mungu akupe afya, akulinde na panga lako mwenyewe, na akuweke mbali na homa.

Baada ya salamu zangu na za nyumba nzima, nakuarifu kuwa sisi huku tu wazima. Mimi nduguyo sina neno ila mgongo, nao ni maradhi ya kila mshona kofia, sitakuchosha nao. Mama hajambo. Anaswali, anakula kidogo, na juzi alimfukuza kwa fagio mbuzi wa jirani aliyeingia kwenye mchicha, kwa hivyo nguvu bado anazo. Dada yetu Nyamvula amejifungua mtoto wa kike, na akilia utadhani ni marehemu baba anaita watu shambani. Mihogo ya shamba la chini imechimbwa na nguruwe, hatukuokoa hata tuta moja. Nawe je, u hali gani? Kifua hakikusumbui? Nasikia huko mwapewa unga wa njano kama sisi. Ule hivyo hivyo, usichague, na usilale nje.

Barua yako nimeipata. Mwarandu, yule utingo wa lori, aliileta Jumatatu baada ya adhuhuri, nami nikaisoma mara tatu, kwanza kwa sababu mwandiko wako, pamoja na jitihada zangu zote na viboko vya maalim, bado unataka mtu mwenye subira. Nimefahamu kuwa umepata kazi ya kukata mkonge, kwamba wenzako kambini wanakupenda, na kwamba jioni unawahadithia mambo ya Kaniki nao wanatulia kukusikiliza. Nimefahamu pia swali lako, kama nyapara Charo alilia alipoliona ghala likiungua. Na nimeliona jina ulilotia chini ya barua badala ya lako. Umejiita Kaniki. Mama aliniuliza umeandika nini, nikamwambia umesalimu tu.

Sasa nakuomba barua hii uisome peke yako, mahali ambapo hapana mtu wa kukuuliza mbona uso umebadilika. Kisha uisome mpaka mwisho. Najua tabia yako, ukikutana na neno usilolipenda unakunja karatasi unaondoka. Leo usiondoke, nakusihi kwa haki ya mama.

Nianzie kwenye vile vitabu viwili, maana huko ndiko yalikoanza. Ulikuwa ukibeba mizigo kambi ya manowari kule Mtongwe, na baharia mmoja Mzungu aliyekuwa akihama akakupa vitabu vya picha badala ya kuvitupa. Ukaniletea mimi, kwa kuwa mimi ndiye msomi wa nyumba. Mimi ndiye ninayewaandikia watu barua zao, mimi ndiye ninayesoma maulidi sauti yangu ikasifiwa mpaka Mtongwe, na mimi ndiye niliyekuwa nikijigamba kwamba herufi za Kizungu nilijifunza nilipokaa Unguja. Tulivifungua barazani baada ya alasiri, wenzetu wa kofia wakaacha sindano wakasogea. Kila ukurasa ulikuwa umekatwa vijumba vijumba, kila kijumba na picha yake ya rangi, na maneno ya Kizungu yamezungushiwa duara juu ya vichwa vya watu. Hatukuwa tumeona kitu cha namna hiyo. Mbaruku alisema ni hirizi, nikamwambia hirizi haina rangi nyekundu nyingi hivyo.

Wewe ndiwe uliyewapa majina. Yule wa kitabu cha kwanza alivaa joho jeusi mpaka kwenye visigino, na kitambaa cheusi kimemfunika kutoka paji mpaka pua, ukasema huyu ni Bwana Kaniki. Yule wa pili alivaa nyeupe tupu, uso wazi, kifua kipana, na alikuwa akiruka angani bila mbawa, ukasema naye ni Bwana Bafta, kama kile kitambaa cheupe cha dukani. Toka siku ile watu wakawa hawaulizi kofia zimefika wapi. Wanauliza leo twasoma Kaniki au Bafta.

Hadithi ya Kaniki nilivyokuwa nikiisoma waijua vizuri kuliko mimi. Mtu mnyonge, asiye na joho wala kitambaa, anajenga nyumba pamoja na mama yake mzee. Kisha anapiga magoti mbele ya mama, na mkono wa mama na mkono wake yote miwili iko kwenye bastola moja. Kisha anavaa nyeusi, anajifunika uso, anakwenda mjini. Anapiga risasi walinzi, anachoma nyumba na maghala, na mwisho kabisa anasimama juu ya paa, moto uko chini yake, anacheka. Nilisema mama huyo amempa silaha na radhi kwa mkono mmoja. Mwanamume mzima kama Mbaruku aliwahi kujifuta macho kwa kofia ya mteja.

Na Bafta tulimwonaje? Anaanza kwa kuchukua mkoba mikononi mwa bibi kizee kiwete anayetabasamu. Anaruka nao mpaka kwa askari, askari wanampa mkono, wanamkabidhi wezi wawili waliofungwa. Anawafungua, anawabeba angani, anawapa ule mkoba, wale wezi wanakimbia nao, na picha ya mwisho bibi kizee yuko chini anagaagaa na kulia. Hapo baraza lote lilikuwa likiguna. Ulisema Bafta ni msafi wa nguo tu. Ulisema mtu asiyeingiwa na risasi, anayeweza kupaa juu ya minara, na bado urafiki wake ni wa askari na wezi, huyo ni mnafiki mkubwa kuliko wote, na afadhali Kaniki ambaye haombi ruhusa ya mtu, haki yake anaichukua kwa mkono wake. Wengi tulikuwa upande wako.

Mbaruku peke yake ndiye aliyekaa upande wa Bafta, kwa ubishi wake, na hoja yake ilikuwa kwamba Bafta hajamwaga damu ya mtu hata tone. Siku moja aliuliza wale walinzi waliopigwa risasi na Kaniki walikuwa wamekosa nini, maana ni watu wa mshahara tu, wameambiwa simameni hapa wakasimama. Mimi nilimwambia asituharibie hadithi. Mama naye, aliyekuwa akisikiliza kutoka ukumbini, alitoka siku hiyo akakitazama kitabu cha Bafta, akasema mtu mwenye uso kama ule hawezi kumnyang'anya bibi kizee, na kwamba hapana budi tumekosea mahali. Tulimcheka kwa adabu. Mimi nilimwambia kitabu hakisomwi kwa kutazama nyuso.

Kisha likaja la Charo. Sitalieleza sana, maana uchungu wake ni wako. Lakini nataka ujue kwamba sijalisahau. Alikusimamisha mlangoni pa ghala la mbata ulikokuwa ukifanya kazi, mbele ya wanawake wavunja nazi, akasema umeficha mbata nguoni, akakulazimisha ufungue shuka. Ukasimama uchi mchana kweupe, na hakupata kitu, na akacheka. Mama mkwe wa Nyamvula alikuwapo, alijifunika uso kwa kanga yake. Uliporudi nyumbani hukula siku mbili. Wallahi, Boga, hata mimi nilitamani kumfanyia Charo jambo, na kama ningekuwa na mgongo mzima labda ningelifanya. Kwa hivyo usidhani nakuandikia kama mtu asiyejua hasira.

Ijumaa ile asubuhi ulipiga magoti mbele ya mama, ukamwambia unakwenda safari, ukamwomba radhi. Mama aliweka mikono yote miwili kichwani pako, akakuombea. Adhuhuri, watu wakiwa msikitini, ghala likashika moto, na mbata wajua zilivyo na mafuta, moshi wake ulionekana mpaka ng'ambo ya kisiwani. Nilikuta umefika nyumbani kabla yangu, nguo zanuka mafuta ya taa, kifurushi mkononi. Ulisema imekwisha. Ulipita njia ya makaburini kwenda kungojea lori, nami sikukuzuia.

Sasa nakueleza usiyoyajua.

Charo hakulia. Siku ile hakuwapo hata karibu, alikuwa ng'ambo kwa tajiri wake. Tajiri hakumlaumu kwa lolote, amempa ghala jingine la kusimamia, kubwa kuliko lile, na amenenepa. Aliyekuwapo ni Mramba, yule mlinzi wa mlangoni, mtu wa bara, Mkristo, aliyekuwa akibaki peke yake kila Ijumaa ili nyinyi mwende msikitini. Yule aliyekuwa akikuachia kata yake ya maji. Mramba alijua mtindo wako wa kujilaza nyuma ya magunia mpaka adhana ya pili, na asubuhi ile alikuona ukiingia, na hakukuona ukitoka, kwa kuwa ulirukia ukuta wa nyuma. Alipoona moshi alijua umo ndani umelala. Aliingia, Boga. Aliingia akikuita kwa lile jina la utani mliloitana ghalani. Wanawake waliokuwa kisimani walimsikia akiita, lakini yale majina yenu ya ghalani hawakuyajua, walidhani anaita watu waje kuzima. Alipindua magunia yanayowaka kwa mikono mitupu akikutafuta chini yake, mpaka paa likaanza kuanguka akavutwa nje.

Vidole vya mkono wa kulia vimeshikana. Wa kushoto unafunguka nusu.

Walipomuuliza ghala liliungua vipi na mikono yake imeungua kwa nini, alisema kweli, kwamba aliingia kumtoa Boga. Wakaulizia Boga yuko wapi. Wakaambiwa Boga hakuwapo Likoni siku ile. Basi mtu mwenye ufunguo, aliye peke yake, mwenye mikono iliyoungua, na anayesema habari za mtu asiyekuwapo, ungekuwa wewe ungemdhani nini? Wamemtia ndani tangu siku ile. Kesi yake itasikizwa Jumatatu ya mwezi 20.

Mkewe ni Kache. Amekuja kutoka kwao Mazeras na watoto watatu, anakaa kwa jamaa zake hapa Likoni, anatwanga na kuteka maji nyumba za watu. Wiki iliyopita alikuja barazani kwangu. Aliambiwa kwamba mwandishi mzuri wa barua hapa ni Mbwana, akaja kuniomba nimwandikie Liwali, amhurumie mumewe. Aliketi chini kwenye mkeka, hakutaka kiti, akanieleza yote tangu mwanzo, na kila akifika kwenye jina lako ananitazama, kwa kuwa ameambiwa ni la ndugu yangu. Aliniuliza kama wewe uliwahi kumtaja Mramba kwa ubaya. Nikasema hukuwahi. Akasema basi anashangaa mumewe amekutoa wapi kwenye maneno yake. Nilimwandikia barua nzuri sana, yenye heshima zote, na nilipomsomea alilia, akanibusu mkono. Aliuacha mlangoni mtungi mdogo wa asali kwa kuwa nilikataa malipo. Upo hapa mbele yangu, sijaufungua.

Ndugu yangu, nimezunguka sana. Ninayotaka kuyasema ni matatu, na nayasema sasa.

La kwanza ni hili. Hizi herufi zetu za Kiarabu ninazokuandikia zaanza kulia kwenda kushoto, na vitabu vyetu vyote hufunguliwa upande huo. Kitabu cha Kaniki nilikishika nilivyovishika vitabu vyote tangu nilipotiwa chuoni kusoma Kurani nikiwa na miaka sita. Nikaanzia kulia, na ukurasa wenye picha ya wembe na sabuni niliowaambia ni dibaji, kumbe ni tangazo la duka, na uko mwishoni. Nilianza mwisho nikaishia mwanzo. Maneno yale ya duara sikuweza kusoma hata moja. Herufi za Kizungu sikujifunza Unguja wala mahali popote, nilikuwa nikitazama picha na kutunga.

Kitabu kinasomwa hivi. Kaniki anaanza juu ya paa, moto chini yake, akicheka. Anachoma, anaua walinzi, na katika nyumba alizochoma imo nyumba ya mama mmoja mzee ambaye wala si mama yake. Mtoto wa mama huyo alikuwa mlinzi katika wale aliowapiga risasi. Halafu Kaniki anashindwa kulala. Anafunua uso, anavua joho, anakwenda kwa yule mama, anapiga magoti na kumpa bastola yake, anamwambia ndimi niliyekufanyia haya, nifanye utakavyo. Mama anaipokea. Na ukurasa wa mwisho yeye anamjengea nyumba nyingine kwa mikono yake. Ndiyo hadithi yote. Na Bafta ndivyo hivyo hivyo. Wezi wanamnyang'anya bibi kizee, yeye anawakamata, anawapeleka kwa askari, anamrudishia bibi mkoba wake, bibi anatabasamu. Mama aliona kweli kwa kuutazama uso tu.

La pili ni zito zaidi. Haya nimeyajua tangu zamani, si jana. Wiki tatu kabla ya moto alipita hapa Mwalimu Gona, anayefundisha shule ya misheni huko Kisauni, akajikinga mvua barazani kwetu nikiwa nasoma. Alisikiliza mpaka mwisho. Walipoondoka akaniomba kitabu kwa adabu, akakigeuza, akaweka kidole upande wa kushoto, akanisomea duara moja moja kwa Kiswahili. Alisema si kosa kubwa, mtu yeyote aliyezoea chuo angefanya vile, na hatamwambia mtu. Nami nilikusudia niwaambie kesho yake. Kesho yake mkaja, wewe wa kwanza, mmekaa tayari, na wewe umetoka kudhalilishwa na Charo siku hiyo hiyo. Nikaona nikisema nimewasomea kinyume mwaka mzima, nitakuwa kichekesho cha Likoni, na wewe hadithi yako utakuwa nimekunyang'anya siku mbaya. Nikajidanganya kwamba ni kwa ajili yako. Nikasoma kama zamani, na niseme kweli, nilisoma kwa sauti nzuri kuliko siku zote.

Na Alhamisi, siku moja kabla ya moto, ulikuja peke yako. Uliniomba nikusomee pale pa magoti tu. Kisha ukaniuliza, yule mama alijua silaha inakwenda kufanya nini? Ulikuwa ukinitazama machoni. Nilijua hakuna mama aliyempa mtu silaha. Nilijua duara lile linasema nini, Mwalimu Gona alinisomea. Nikakujibu kwamba mama alijua, na aliridhia. Hilo halikuwa kosa la kusoma, Boga. Huo ulikuwa uongo wangu, wa mdomo wangu, na kesho yake ulikwenda ukapiga magoti mbele ya mama yetu.

La tatu. Aliyewaambia askari kwamba hukuwapo Likoni ni mimi. Walikuja Jumamosi asubuhi kuwaulizia wafanyakazi wote wa ghala. Nikasema ulisafiri Alhamisi alfajiri kwenda Tanga, wakataka niape, nikaapa. Nilidhani nakukinga wewe, wala sikumjua mtu mwingine atakayeumia kwa kiapo hicho. Lakini siku ya tatu nilijua kwamba Mramba ametiwa ndani na kwa maneno gani, na tangu siku hiyo ni wiki sita, na nimekaa. Maneno ya Mramba yamekuwa ya uongo kwa sababu ya maneno yangu. Hakuna kingine kinachomfunga.

Sisemi kitabu ndicho kilichokushika mkono. Charo alikudhulumu, na kiberiti uliwasha mwenyewe. Lakini ulikwenda ukidhani una radhi, ukidhani kuna mtu mwema mahali fulani aliyefanya vile akasifiwa, na mimi nilijua hakuna. Nisamehe ukiweza. Usipoweza, nitaelewa.

Ijumaa baada ya swala nilimweleza mama yote. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akataka kitabu cha Kaniki, akaniambia nimwonyeshe ile picha ya magoti, akaniuliza mama huyu anatoa au anapokea. Nikamwambia anapokea. Aliikazia macho muda mrefu. Alisema nikuandikie maneno haya kama alivyoyasema, nami sikupunguza. Kwamba radhi yake hajaiondoa wala haiondoi, lakini alikupa ya safari, na wewe hujasafiri bado, umekimbia tu. Urudi, safari yako ni ya kwenda kwa Mramba. Kisha akaniambia mimi niondoke mbele yake kwa siku hiyo, nikaondoka.

Basi shauri langu ni hili. Mwarandu anaondoka na lori kesho, na barua hii ataichukua. Atatoka tena Tanga Ijumaa, na amekubali kukuchukua, mahali pako pameshawekwa. Ukipanda, Jumamosi uko nyumbani, na Jumatatu tutavuka pamoja, wewe useme lako na mimi niseme langu. Sikufichi, wewe ni jela, na mimi kwa kiapo cha uongo huenda ikawa jela vilevile, na kofia atashona Mbaruku. Usipokuja, nitakwenda peke yangu. Nitawaambia uliondoka Ijumaa baada ya moto, na kwamba Mramba aliingia kumtafuta mtu ambaye kweli alikuwamo asubuhi ile. Sitangojea mpaka hukumu. Nakuambia mapema ili usije ukasikia kwa mtu mwingine kwamba nduguyo amekutaja. Nitakutaja, na ningependa sana uwe umesimama karibu yangu ninapokutaja.

Barazani nimekwisha sema. Jana alasiri niliwakusanya wote, nikafungua kitabu upande wa kushoto, nikawasomea kama nilivyosomewa. Walinicheka, ndiyo. Si kicheko kirefu. Mbaruku hakucheka.

Nyamvula anakusalimu, mtoto ana siku tano na jina linangoja ufike. Mbaruku anakusalimu. Mama anakusalimu, na ameanza kukuanikia lile shuka la kijani. Kache hakukusalimu kwa kuwa hajui ninakuandikia, na nikimaliza barua hii ninakwenda kwake kumwambia.

Salamu iliyobaki ni ya Mramba. Jana asubuhi nilivuka na Kache kwenda kumtazama gerezani. Mikono imefungwa vitambaa mpaka viwikoni. Aliponiona hakuniuliza habari za kesi. Alisogea karibu, akaniambia kwa sauti ndogo kwamba kila mtu anamwambia Boga hakuwamo, lakini yeye anajua wanamficha ili asihuzunike, kwa kuwa alikuona ukiingia kwa macho yake. Akaniomba mimi, kwa kuwa ndimi ndugu, nimwambie kweli kama ulitoka au tulikuzika. Nilimwambia ulitoka, u mzima, uko Tanga. Akaketi chini, akaweka vile vitambaa vya mikono magotini, akamshukuru Mungu.

Ni mimi nduguyo,
Mbwana bin Mwinyihaji